Ng'ombe Mmoja, Meno Manne na Mate Yote

Ugonjwa wangu uligharimu ng'ombe mmoja wa maziwa, meno manne, kilo kumi na tatu za mwili, na mate yote niliyokuwa nayo mdomoni. Nimehesabu mara mbili, kama kawaida yangu. Pesa za hospitali sizitaji. Bima ililipa sehemu, sisi tukalipa sehemu, na risiti ziko. Nataja tu yale ambayo hakuna bima hulipa, na ambayo hakuna mtu aliniambia mapema kwamba nitayalipa.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye benchi ukingoja mionzi, faili kwenye mapaja, ukijifanya unasoma bango la kunawa mikono. Mimi si daktari. Mimi huuza mapazia ya mtumba hapa Nyeri mjini, na siku za soko huenda Kutus, na Kangari kule kwenye majani chai. Bwanangu, Baba Nyambura, ni fundi cherehani. Yeye hukunja pindo, mimi huita wateja. Hivyo ndivyo tulivyogawana kazi tangu tuoane: mikono yake, sauti yangu.

Sauti ikaanza kukwaruza baada ya mvua ndefu. Sikuogopa. Kila mtu sokoni alikuwa na dawa yake. Huyu asali, huyu tangawizi, mwingine akasema nimeze yai bichi asubuhi. Jirani yangu anayeuza vikombe akanicheka: "Wewe unaita watu ni kama wako na deni yako. Nyamaza wiki moja, itarudi." Nikanyamaza wiki moja, haikurudi. Kufikia ile baridi ya Julai, ukungu ukiwa umekaa mjini mpaka saa sita, nilikuwa nikiongea kama mzee wa kwaya anayeimba besi. Ndipo daktari akaniingiza kamera puani, akanyofoa kipande kidogo kooni, na majibu yakaja: saratani, pale pale kwenye kisanduku cha sauti.

Ukipata sauti mbovu inayozidi wiki tatu, usingoje kama mimi. Yai bichi haliondoi kitu.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye kuongea polepole. Tulikaa mbele yake, mimi na Baba Nyambura, magoti yakigusana.

"Tuko na njia mbili," akasema. "Tunaweza kufanya upasuaji, tutoe kisanduku cha sauti chote. Ama tutumie mionzi. Imeshikwa mapema, kwa hivyo mionzi inaweza kuimaliza na sauti ibaki. Lakini ukichagua mionzi ni mara thelathini na tano. Jumatatu mpaka Ijumaa, bila kuruka. Ukiruka, ile kitu inapata nafasi ya kumea tena, na hapo tunarudi kwa kisu."

Nikamwuliza, "Thelathini na tano ndiyo ya mwisho?"

Baba Nyambura akatazama sakafu. Ananijua.

"Si bei, mama."

"Fanya ishirini na tano. Mimi niko na nguvu."

Daktari akatabasamu, akainama, akaandika kitu kwenye faili. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Sasa nikueleze, kwa sababu kosa langu lote lilianzia hapo. Sokoni, ukitaja bei na mtu akatabasamu akanyamaza, hajakukatalia. Amekuambia uendelee kuongea. Nimeishi kwa tabasamu kama hizo miaka yote. Nikatoka katika chumba kile nikijua moyoni kwamba thelathini na tano ni bei ya kuanzia, na kwamba tutaongea vizuri zaidi tukifika katikati.

Kabla ya mionzi walinitoa meno manne ya nyuma. Hayakuwa yananiuma, lakini daktari wa meno aliyaona mabovu, na akasema taya lililopigwa mionzi haliponi vizuri jino likioza baadaye. Nikamwomba atoe mawili kwanza tuone. Akasema hakuna cha tuone. Nikarudi nyumbani kwetu upande wa Kiganjo na pamba mdomoni, uso umevimba upande, na nikaona zizi liko wazi.

Nyange hakuwako. Nyange alikuwa ng'ombe wangu mweupe, niliyemnunua akiwa ndama kwa pesa za mapazia, na ndiye aliyekuwa akitupa maziwa ya chai na ya kuuza. Baba Nyambura alikuwa kwenye cherehani, mgongo kwangu.

"Nimemuuza," akasema bila kugeuka. "Kuna mtu alikuja kutoka Kutus na pikapu."

Sikuweza kuongea na pamba mdomoni, kwa hivyo nikapiga meza. Akataja bei. Ilikuwa bei ya ndama mwenye kikohozi. Nikaitoa ile pamba na damu yake.

"Ulivutana naye?"

"Alitaja, nikakubali."

"Bei ya kwanza?"

"Ya kwanza."

Nikalia. Sikuwa nimelia kwa daktari, wala kwa kamera, wala kwa meno. Majirani walisikia wakaja kunipa pole ya saratani, na mimi nilikuwa nalilia bei. Tangu siku hiyo mimi na Baba Nyambura tukawa tunaongea mambo mawili tu, dawa na chai. Na chai yenyewe sasa ilikuwa ya maziwa ya pakiti.

Mionzi ilianza Septemba, vidonda vya meno vilipopona. Kwanza wakanitengenezea barakoa. Hulainisha plastiki yenye matundu kwenye maji moto, wanakulaza, na kukutandazia usoni mpaka mabegani kama chapati juu ya kibao. Inapoa ikiwa imeshika sura yako, na kila siku wanakufunika nayo na kuibana kwenye meza. Tak, tak, tak. Huwezi kugeuka wala kukohoa vizuri. Kisha wote wanatoka, mlango mzito unafungwa, unabaki wewe na mashine inayokuzunguka ikinguruma kama friji kuukuu. Siku ya kwanza nilitetemeka hadi wakarudi kunifungua. Mhudumu akaniuliza, "Mama, ungetaka tukuwekee wimbo?" Nikasema ndiyo. Kwa hivyo nawe useme. Ukiogopa kufungwa, waambie mapema. Hawatakucheka, na wimbo ni bure.

Mionzi yenyewe haiumi, na dakika zake ni chache. Maumivu huja baadaye, kidogo kidogo na kwa riba, kama mkopo wa simu.

Wiki ya kwanza sikuona kitu, nikaanza kujisifu. Wiki ya pili chai ikapoteza ladha. Wiki ya tatu kila chakula kikawa na ladha ya sufuria iliyoungua. Mate yakawa mazito kama gundi, halafu yakakauka kabisa, na ulimi ukawa unashikana na paa la mdomo nikilala. Wiki ya nne shingo ikawa nyeusi kama ganda la ndizi iliyokaa, ikawasha, kisha ikaanza kubanduka. Sauti ikaisha yote. Si kukwaruza tena, bali kuisha. Nilikuwa nikiandika kwenye simu na kumwonyesha mtu.

Shangazi yangu mmoja alikuja na chupa ya mafuta ya kondoo kutoka Othaya, akataka kunipaka shingo nzima kabla sijaenda kwa mashine. Nashukuru nilikuwa nimeulizia. Usipake kitu chochote kabla ya mionzi, hata kikiwa cha heshima namna gani, ila kile hospitali imekupa. Shangazi alikasirika. Mafuta tulikaangia mayai ya Baba Nyambura.

Pale kwenye benchi nilipata rafiki. Mzee Abdi alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, ana ugonjwa wa koo kama mimi, na sauti yake ilikuwa imeenda kama yangu. Aliletwa na binti yake, Halima, mwenye duka la viatu, ambaye alikuwa mdomo wa wote wawili. Mzee alinieleza kwa ishara, Halima akitafsiri, kwamba kwao wanaume wakiuziana ngamia hufunika mikono kwa shuka na kubonyezana vidole, ili jirani asijue bei. Mimi hakunishika mkono, bila shaka. Alinionyesha vidole hewani. Tukaanza kuvutana bei ya vitu vya pale chumbani: saa ya ukutani, kiti cha magurudumu, mlinzi. Mlinzi nilimpata kwa bei ya kutupa.

Siku moja akauliza nimepewa mionzi mingapi. Nikaonyesha thelathini na tano. Yeye akaonyesha thelathini.

Nikaandika kwenye simu: "Alipataje thelathini?"

Halima akamwuliza, akacheka. "Mzee anasema hakuvutana na mtu. Ndiyo hiyo alipewa."

Hapo ndipo nilipokwisha. Baadaye nilielezwa kwamba kila ugonjwa una hesabu yake na kila mwili una mpango wake, lakini siku ile sikuuliza. Niliona jambo moja tu: mwenzangu amepewa chini yangu, na bila kuongea. Basi nafasi ya kuongea ipo.

Kisha ikaja Oktoba, na Oktoba ni bonasi ya majani chai. Kama hujafanya biashara milima hii hutajua maana yake. Mkulima wa Kangari hupata pesa yake kubwa mara moja kwa mwaka, na pesa hiyo hukaa mfukoni siku chache sana. Siku hizo nyumba nzima hubadilishwa, godoro, sufuria, na mapazia. Ni mapazia zaidi ya vyote, kwa sababu pazia huonekana kutoka barabarani. Bonasi moja hunilisha mpaka Januari.

Nilikuwa nimemaliza mionzi ishirini na nane. Ilibaki saba. Kumeza mate, hayo machache, kulikuwa kama kumeza wembe. Nilikuwa nimekonda mpaka barakoa inacheza usoni. Nikafanya hesabu, nikairudia: niliomba ishirini na tano, nimelipa ishirini na nane, nimezidisha tatu. Muuzaji yeyote mwenye haya angeridhika.

Nikamwandikia Baba Nyambura: "Daktari amenipumzisha. Ngozi ipoe kwanza." Akasoma, akanitazama shingo, akaamini. Akanifungia mapazia kwenye mabunda mawili. Jumanne asubuhi nikaenda Kangari, nikalala kwa binamu yangu.

Siku ya kwanza nilitandaza mapazia na kukaa kimya, kitambaa cha pamba shingoni. Sikuweza kuita. Nilifikiri nitarudi na mabunda yangu. Lakini wanawake walikuja. Mmoja akashika pazia la maua mekundu, akauliza bei, nikaonyesha vidole. Nilianzia juu kabisa, juu ya aibu, kama anavyofanya mtu anayetarajia kushushwa. Akafungua mkoba akalipa yote.

Nikafikiri, huyu ni mgeni wa soko. Wa pili akalipa yote. Wa tatu vilevile. Siku ya pili hivyo hivyo. Hakuna aliyesema "mama, punguza," hakuna aliyefanya kama anaondoka akingoja nimwite. Bunda la kwanza likaisha. Nikajiambia, kumbe kunyamaza ndiyo biashara! Nimepoteza miaka mingapi nikipiga kelele!

Siku ya tatu alikuja mama mmoja ninayemjua, Wa Njeri, mchuma chai, mtu mgumu kuliko jiwe. Huyo hunivuta bei kila mwaka mpaka tunatukanana na kucheka. Mwaka uliotangulia aliniita mwizi mbele ya mchungaji. Alichukua pazia la bei ya chini, nikamtajia kwa vidole bei ya wazimu, kwa makusudi. Nilitaka aniite mwizi.

Akatazama ile shingo yangu mahali kitambaa kimeteleza. Akatoa pesa, akaongeza noti moja juu, akanifunga vidole kwa mikono yake miwili.

"Shika, Mama Nyambura," akasema polepole. "Na Mungu akuonekanie."

Akaondoka bila hata kungoja nimfungie pazia vizuri.

Nikakaa chini kwenye bunda. Nikahesabu pesa mara mbili na hesabu ilikuwa sawa, na hilo ndilo lililonitisha. Hawakuwa wananunua mapazia. Walikuwa wananichangia. Soko zima lilikuwa limeniangalia na kuniona nimekwisha, na hakuna mtu huvutana bei na maiti.

Nilikuwa bado nimekaa pale nilipoona viatu ninavyovijua. Baba Nyambura. Alikuwa ameshika chupa ya chai kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mwingine, na koti lake la kanisani. Yeye hatoki Nyeri ovyo. Na yeye hapendi watu.

"Halima amenipigia," akasema. "Anasema mzee anauliza kama umekufa. Anasema kiti chako imechukuliwa na mama mmoja anaimba, na mzee anateseka."

Nilingoja anipigie kelele. Uongo wangu ulikuwa mezani, hata mimi nilikuwa nauona. Badala yake akaiweka ile chupa chini, akashika pazia la mwisho, la kijani, alilokunja pindo yeye mwenyewe.

"Hii ni pesa ngapi?"

Nikamtazama. Akarudia kwa nguvu zaidi, na watu wakageuka. "Mama, nimeuliza, hii ni pesa ngapi?"

Nikainua vidole.

"Ngapi? Hii? Hii imeshonwa vibaya! Angalia hii pindo! Nani alishona hii takataka?" Mtu huyu hajawahi kushusha bei ya kitu, hata ya sukuma wiki. "Fanya nusu."

Nikatikisa kichwa.

"Basi naenda." Akatembea hatua chache, akasimama, akarudi mwenyewe kabla sijamwita, kwa sababu hajui jinsi inavyofanywa. "Nusu na kitu kidogo."

Nilicheka. Kucheka na koo lile ilikuwa kama kumwagiwa chai ya moto ndani, lakini nilicheka mpaka machozi yakatoka, na hayo machozi yalikuwa maji ya kwanza kutoka usoni mwangu kwa urahisi tangu Septemba. Wanawake wa chai walitutazama wakidhani tumerukwa na akili. Akanimiminia uji wa kimea kutoka kwenye ile chupa, mwepesi, wa vuguvugu, akaushika mpaka nikaumaliza. Ilichukua muda mrefu. Kisha akafunga bunda.

Njiani, nikiwa na simu mapajani, nilimwandikia swali nililokuwa nimelibeba tangu Agosti: "Kwa nini hukuvutana bei ya Nyange?"

Alisoma akiisogeza simu mbali, hana miwani.

"Angeenda," akasema.

"Angerudi kesho yake," nikaandika.

"Kesho yake tulikuwa tunatakiwa tulipe ndiyo upangiwe siku ya kuanza."

Akanirudishia simu, akatazama nje. Hayo ndiyo maneno yote niliyopata, na nimeyafikiria sana. Wale wa Kangari walilipa bei ya kwanza kwa sababu walidhani nakufa. Huyu alichukua bei ya kwanza kwa sababu alidhani nitapona, na aliona haraka.

Ijumaa nilirudi kwa mashine. Nimekosa Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Daktari aliita faili yangu kwanza, kabla ya watu wote, na hiyo si heshima.

"Mama, umekosa siku tatu."

Nikamwandikia: "Nilikuomba ishirini na tano ukatabasamu."

Akasoma. Akakunja uso. Ilibidi nimwandikie yote, habari ya soko na tabasamu, na Mzee Abdi na thelathini yake. Alisoma mpaka mwisho, na hakucheka.

"Pole, mama," akasema. "Siku ile nilifaa kusema hapana. Nisikie sasa. Hapana. Ni thelathini na tano."

Nikatikisa kichwa kukubali. Hatimaye tulikuwa tumefunga bei.

Lakini kukosa kuna gharama. Barakoa ya kwanza ilikuwa imelegea, wakanitengenezea nyingine na kupanga upya. Nilisubiri wakipima, nikiogopa kuliko siku ya kwanza, kwa sababu sasa nilijua ninachoweza kupoteza, na kwamba ningekuwa nimekipoteza mwenyewe. Zile siku tatu hazikufutwa, zilisogezwa mbele. Daktari hakuniahidi kitu. Alisema tutajua baada ya kumaliza, na kwamba nisipoongeza kula, wataniingiza mpira wa chakula puani.

Hapo nilimwomba mpaka Jumatatu. Safari hii nilingoja jibu kwa mdomo.

"Jumatatu," akasema. "Na kilo isishuke hata moja."

Baba Nyambura akafanya uji wa kimea na maziwa, viazi vilivyopondwa mpaka vikawa kama losheni, supu ya mifupa iliyochujwa kwa kitambaa. Alipima kwa kikombe, kama anavyopima kiuno cha suruali. Siri tuliyojifunza ni hii: kunywa dawa ya maumivu ya maji kwanza, ngoja ishike, ndipo ule, na sukutua kwa maji ya chumvi kabla na baada. Usingoje njaa. Njaa haiji, imeenda na ladha.

Jumatatu nilipanda mizani nikiwa na gambuti za mvua.

"Toa gambuti, mama," mhudumu akasema bila kuinua kichwa.

Nikatoa. Kilo zilikuwa zilezile. Hakuna mpira. Mzee Abdi, aliyekuwa anamaliza siku hiyo, alinyoosha vidole hewani kunipa bei ya gambuti zangu. Ilikuwa ya matusi. Nilifurahi.

Nilimaliza yangu peke yangu, mvua fupi zikiwa zimeanza. Na hapa nikuonye, kwa sababu mimi nilidhani siku ya mwisho ni siku ya mwisho. Kuungua huendelea kama jiko la makaa lililozimwa. Wiki mbili baada ya kumaliza ndizo zilikuwa mbaya kuliko zote. Usifikiri mambo yameharibika ukiona hivyo. Kaa karibu na uji wako.

Krismasi nilionja chumvi. Kwenye mukimo wa viazi na mahindi, kijiko kimoja, chumvi ikaja na ikaondoka. Nilimshika Baba Nyambura mkono mezani mbele ya wageni. Sukari ilichukua muda zaidi. Mate hayajarudi yote mpaka leo. Natembea na chupa ya maji kama mtoto wa shule, na chapati kavu nimeiaga.

Sauti ilikuwa na safari yake. Mnong'ono, kisha mkwaruzo, kisha ikakaa kimya tena kwa homa moja ya Februari na tukarudi kwa kamera mioyo ikiwa mkononi. Daktari alitazama muda mrefu. Baba Nyambura alikuwa akikunja na kukunjua pindo la koti lake.

"Iko safi," daktari akasema. Hakutabasamu mpaka alipomaliza kusema. Nadhani amejifunza.

Bado naenda kuangaliwa kila baada ya miezi michache, na kila mara, tangu siku mbili kabla, nahesabu mapazia usiku mpaka alfajiri. Hilo sijapata dawa yake. Lakini Oktoba iliyopita nilirudi Kangari na bonasi, nikasimama na pazia begani, nikaita. Si sauti ile ya zamani, ni nene na ina mchanga ndani. Wa Njeri akatokea. Akashika pazia, nikataja bei.

"Wĩ!" akasema. "Mwizi wewe! Ulikuwa mgonjwa ndiyo urudi kutuibia?"

Tulivutana nusu saa. Alinishusha sana, na nikamrudishia ile noti yake ya juu. Akakataa, tukavutana hiyo pia.

Sasa nimebakiza jambo moja, na si lako wewe wa benchi, isipokuwa kama unatoka Kutus.

Bwana wa pikapu uliyekuja Kiganjo Agosti ile na kumchukua ng'ombe mweupe, mwenye pembe moja iliyopinda kushoto: nimesikia amezaa, na ni jike. Sikulaumu. Ulitaja bei, bwanangu akakubali, na pesa yako ilinifikisha kwa mashine kwa wakati. Lakini unajua, na mimi najua, kwamba siku hiyo hakuna aliyeongea nawe. Aliyekuuzia alikuwa fundi cherehani mwenye haraka, na mwenye ng'ombe alikuwa na pamba mdomoni. Nyange kaa naye. Nadai ndama. Mzee Abdi amekubali kuja kama shahidi, na anasema kwa vidole kwamba ulituibia. Baba Nyambura atakaa garini.

Mimi huwa Kutus siku za soko, upande wa mapazia. Njoo utaje bei yako ya kwanza. Sauti ninayo.